Maji ya Digrii Thelathini na Saba

Land Cruiser nyeusi ilipita taa nyekundu bila kupunguza mwendo.

Christiane Ngosa akaipita pia.

Alikuwa nyuma ya usukani wa RAV4 ya kijivu, Glock 19 chini ya paja, kisikizi sikioni. Saa saba na dakika hamsini na sita mchana, Jumamosi, barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Luano. Ndani ya Land Cruiser alikaa Varga, mnunuzi wa madini mwenye pasipoti za nchi mbili na asiye na adabu ya hata moja. Kwenye mkoba wake mlikuwa na mihuri bandia. Kwa mihuri hiyo, malori arobaini ya mawe ya mnururisho kutoka machimbo ya Kambove yangevuka mpaka yakiitwa shaba.

Mtu mmoja tu alikuwa amekataa kuisafishia karatasi mizigo hiyo. Donat Chola, mkemia wa maabara ya serikali. Jumatatu angesimama mbele ya hakimu kutoa ushahidi.

Redio ikakoroma.

"Kumi na saba, uko wapi?" Kanali Mwaba, mkubwa wake katika Ofisi ya upelelezi.

"Route ya aéroport, mon colonel. Niko nyuma yake."

"Usimupoteze."

"Simupotezi."

Kisha sauti nyingine ikaingia kisikizini. Ephraïm, mwenzake, aliyekuwa amekwisha kutega Luano na mashine zake za kunasa simu.

"Yaya Christiane, sikia hii. Sasa hivi tu."

Mkwaruzo. Halafu sauti ya mwanamume mtu mzima.

"Patron, nimeweka mu chumvi. Saa nane na dakika kumi, chimiste Chola atakuwa amelala ya kabisa. Kamera iko inaandika."

Varga akajibu polepole. "Bien. Ikiisha, utanitumia neno moja: analala. Video itaenda kwa famille yake. Batamuzika mbio, na mulango ya nyumba bataifunga. Nani ataomba autopsie, maiti ipasuliwe?"

Simu ikakatwa.

Christiane alishika usukani kwa nguvu. Aliifahamu sauti ya kwanza. Précieux Lombe, mlinzi wa nyumba moja ya kupanga mtaa wa Golf. Na alijua nini hutokea ndani ya nyumba ile kila Jumamosi saa nane.

"Mon colonel, Chola atauawa. Naenda Golf."

"Unaenda Luano!"

"Sumu iko ndani ya chumvi ya maji yao."

Kanali alicheka, kicheko kifupi kama cha mtu anayetema ganda.

"Ngosa, muntu muzima anafungwa mikono, anajazwa maji mu tumbo kwa njia ya nyuma, anaita ile mapenzi. Afe na haya yake. Ushahidi tutapata fasi ingine."

"Hakuna fasi ingine."

"Ni ordre!"

Christiane akazima redio, akapanda kibaraza cha katikati ya barabara kwa magurudumu manne na kugeuka. Lori la unga likampigia honi mpaka honi ikakauka sauti.

"Ephraïm. Varga ni wako sasa. Mushikilie kwa macho."

"Yaya, kanali atatukula mbichi."

"Atukule. Ataumwa tumbo."

Akapiga simu ya Donat. Imezimwa. Ya Agnès, mwanamke wake. Imezimwa. Alijua hivyo: siku ya Jumamosi simu zote mbili huwekwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, kifuniko juu. Ilikuwa sheria yao.

Alizijua sheria zao zote. Kwa wiki tatu Ofisi ilikuwa imeweka sikio ndani ya ukuta wa nyumba ile, eti kumlinda shahidi, na sikio hilo lilikuwa la Christiane. Siku ya kwanza alitaka kuvua visikizi. Siku ya pili alianza kusikiliza kama nesi, maana kabla ya Ofisi alikuwa na diploma ya unesi na miaka sita ya wodi.

Akasikia kitu ambacho hakukitegemea. Uangalifu.

Agnès Kiki alikuwa mshonaji wa miaka arobaini na minne, sauti ya alto katika kwaya ya parokia, na kwenye mchezo wao yeye ndiye aliyetawala. Lakini kabla ya kutawala aliuliza. Umekula nini? Leo kuna maumivu? Damu? Moyo unaendaje? Jibu likiwa baya, hakuna mchezo, wanakunywa chai. Maji yalichemshwa, yakapozwa, yakapimwa kwa kipimajoto mpaka digrii thelathini na saba. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, kwa nusu lita. Hakuna sabuni, hakuna pombe, hakuna pilipili, hakuna mizizi ya shangazi yeyote. Mfuko haukuinuliwa juu ya kiwiko, maji yaende taratibu. Ncha ya mpira ni ya Donat peke yake, na huchemshwa. Kamba ya mikono ilikuwa ya fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja. Na palikuwa na neno. Likitamkwa, na yeyote, kwa sababu yoyote, kila kitu kinasimama.

Neno lilikuwa Kambove. Mji alikozaliwa baba yake Donat. "Hakuna muntu anaweza kuitaja akiwa anafurahi," Donat alikuwa amesema, na Agnès alikuwa amecheka sana.

Christiane hakuwa amecheka.

Alikuwa amemkumbuka Syntiche, mdogo wake wa mwisho, mke wa watu, mama wa mtoto wa wiki moja. Wakwe walisema tumbo la uzazi lina uchafu. Wakaleta poire kubwa ya mpira, ya kusukumia maji tumboni, maji ya moto, pilipili na maganda ya mti. Wanawake wanne walimshika. Alisema hapana. Christiane aliambiwa baadaye na jirani aliyehesabu: alisema hapana mara kumi na moja. Wakamjibu, vumilia, ni dawa. Utumbo ulipasuka usiku huohuo. Matanga yalijaa watu, na hakuna aliyeita jambo lile uchafu. Waliliita desturi.

Saa nane na dakika kumi na mbili.

RAV4 ilisimama mbele ya geti la bluu. Précieux Lombe, mwenye miaka hamsini na koti la ulinzi lililompwaya, alikuwa ameketi juu ya tofali, simu mkononi, akiangalia saa.

"Mama, unatafuta nani?"

Christiane alimwonyesha Glock.

"Funguo."

"Mama, mama, nina watoto sita..."

"Funguo, papa. Amekufa?"

"Sijui! Ilipashwa kuwa imeisha. Nilihesabu muzuri. Poire ni dakika moja tu! Kwetu mama alikuwa anakufinya mara moja, pfuu, imeisha. Hawa banafanya nini mule ndani dakika yote hiyo?"

"Banangojea maji ipoe," Christiane alisema.

Alimfunga kwa pingu kwenye chuma cha geti, akakimbia.

Sebule. Korido. Mlango wa mwisho ulikuwa umefungwa kwa ndani, mti mgumu wa enzi za kampuni ya reli. Kuuvunja kungechukua dakika. Kupiga risasi kungeweza kumwua aliye nyuma yake. Nyuma ya mlango alisikia maji yakidondoka kwenye beseni.

Yakidondoka. Maana yake mpira umefunguliwa.

Christiane akajaza mapafu.

"KAMBOVE!"

Kibanio cha mpira kikalia, tak.

Matone yakakoma.

Kisha sauti ya Agnès, ya chini, ya upole. "Donat? Uko sawa?"

"Niko sawa. Si miye nimesema."

"Miye pia si miye."

"Mama Agnès, fungua," Christiane alisema. "Maji ina sumu. Imeisha kuingia?"

"Apana. Nilikuwa natoa hewa mu tuyau ya mupira, mu beseni. Weye ni nani?"

"Muntu anayetaka Donat aone lundi, asimame mbele ya hakimu. Mufungue kamba, muweke maji mbali na ngozi, mufungue mulango."

Fundo lilivutwa mara moja. Ufunguo ukazunguka.

Agnès alisimama mlangoni amejifunga kitenge, glavu za mpira mikononi, miwani ya kushonea ikining'inia kifuani. Nyuma yake Donat, mwanamume mnene wa miaka hamsini na moja, alikuwa akivaa joho la kuogea. Hakuangalia uso wa mtu.

"Kopo ya chumvi," Christiane alisema.

Mkemia alipoliona kopo, alirudi kuwa mkemia. Alimwaga chembe kiganjani mwa glavu ya Agnès, akazigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Chembe mbili tofauti," alisema. "Agnès, leta sakoshi yangu."

Akatoa vipande vya karatasi vya kupimia, akachovya kimoja kwenye beseni. Karatasi ikageuka rangi kabla hajaivuta nje.

"Sayanidi. Ya kusafishia dhahabu." Akaiachia karatasi ndani ya beseni. "Ile kijiko moja ingetosha bantu kumi."

Agnès aliketi sakafuni, pale pale, kama nguo iliyodondoka kwenye kamba.

"Miye njo ningekuua," alisema. "Na mikono yangu. Nikikuuliza kama uko sawa."

Kisikizini Ephraïm alipiga kelele. "Yaya! Varga hashuki mu motoka. Anaangalia simu. Banageuza! Banaenda njia ya Kasumbalesa!"

Mpaka. Neno alilolingoja halikuja, na Varga ameshtuka. Akivuka, mihuri imevuka, na malori yatafuata.

Christiane alitoka mbio hadi getini. Akachukua simu ya Précieux, akamwekea mbele ya pua.

"Andika."

"Nitaandika nini, mama?"

"Ile neno yenu. Na usikosee hata herufi, leo sina uvumilivu."

Précieux aliandika kwa mkono mmoja. *Analala.* Imetumwa.

Sekunde kumi. Ishirini. Arobaini.

"Yaya..." Ephraïm alinong'ona. "Motoka inasimama. Anarudi. Anashuka. Anacheka, yaya. Anaenda ku check-in na mukoba."

"Mungojee aweke mukoba juu ya mizani. Awe ameukubali kuwa ni wake. Halafu umushike."

Kelele. Kiti kikianguka. Mtu akilaani kwa lugha ambayo haikuwa ya Katanga.

"Tayari," Ephraïm alisema akihema. "Mihuri tisa. Na ameniuma kidole, huyu mushenzi."

Christiane akarudi ndani. Alichomoa soketi ya umeme iliyoelekea kitanda kwa ncha ya kisu chake cha Leatherman. Kamera ndogo kama punje ya hindi. Kadi moja ndani yake. Akampa Agnès kwenye kiganja.

Agnès hakusema asante. Aliuchukua mkasi wake wa kukatia vitambaa, akaikata kadi vipande vinne, na kila kipande mara mbili. Kisha akainua macho.

"Sumu, nimeelewa. Mulinzi, nimeelewa. Lakini weye umejuaje neno yetu?"

Christiane alikuwa amejibu majambazi, mawaziri na hakimu mmoja mlevi. Hapa alikosa uongo unaofaa.

"Ofisi iliweka micro mu ukuta. Wiki tatu. Ni miye nilikuwa nasikiliza."

"Kila kintu?"

"Kila kintu."

"Miye, kila Jumamosi, namuuliza huyu bwana mara kumi kama anakubali." Sauti ya Agnès haikupanda. "Shiye, mulituuliza mara ngapi?"

Christiane alikunja kisu, akakirudisha mfukoni.

Donat alikuwa amekwisha kuvaa, suruali, shati, hata tai. Alizungumza akiuangalia ukuta.

"Tutaacha hii mambo, Agnès."

"Bo banataka kutuua, halafu shiye njo tunaacha?"

"Kuna bantu bamesikia."

"Bamesikia nini? Kwamba nilipima maji?"

Donat alichukua sakoshi yake. Hakuigusa mikono ya Agnès iliyokuwa imenyooshwa kwake.

Njiani kurudi Luano, Précieux akiwa amebaki getini kungoja polisi, Christiane alizungumza na Ephraïm kwa dakika moja tu.

"Zile enregistrements, zile sauti za nyumba ya Golf."

"Ziko mu serveur, yaya. Wiki tatu zote."

"Zifute."

"Ni ordre ya nani?"

"Ya miye."

"Bon." Vitufe vikalia. "Zimeenda. Mungu anisamehe, na kanali asijue kusoma."

Kanali Mwaba alikuwa ofisi ya polisi ya uwanja wa ndege, amevaa suti ya siku ya picha. Varga alikuwa kwenye benchi, pingu mikononi, tai begani. Kanali aliunyoosha mkono, si wa kusalimia.

"Kadi ya kamera."

"Imekatwa."

"Na nani?"

"Na mwenyewe."

"Ngosa, ile kadi ni kamba ya Chola. Lundi akiogopa kusema, tunaivuta. Na baada ya lundi, tunaendelea kuivuta. Muntu kama ule mu labo, ni wa kutufaa miaka kumi." Akatabasamu. "Si kitu. Sauti ziko."

"Haziko, mon colonel."

Tabasamu likabaki mdomoni bila kazi.

"Unafanya ile juu ya bachafu babili?"

"Nimeona uchafu mingi mu hii kazi. Ule haukuwemo."

"Utaandika barua ya kujieleza! Leo! Utafukuzwa!"

"Andika yako kwanza." Aliweka Glock mezani, akaitoa magazini ya risasi, akaipanga pembeni yake pamoja na funguo za RAV4, vizuri, kama vyombo baada ya kuoshwa. "Hospitali hazikosi kutafuta nesi."

Akatoka.

Jua la Luano lilikuwa jeupe, lami ikinuka mafuta ya ndege. Simu ikatikisika mfukoni. Agnès.

*Donat amesema lundi atasimama mbele ya juge. Ameenda kwa kaka yake Likasi. Amebeba nguo zake zote. Na wewe usitupigie tena.*

Christiane aliisoma mara moja. Akaifuta. Kisha akaifuta na namba.

Madereva wa teksi walimwita kutoka pande zote, mama huku, mama hapa, mama mjini. Akavaa miwani yake ya jua, akawapita wote, akaenda kwa miguu.