Mrefu wa Saa Nne

Stendi ilikuwa imefurika abiria, na nyuma ya friji ya duka la soda alichutama fundi, bisibisi mdomoni. Msichana akaja mbio. Gauni lake la kijani lilikuwa limeganda tope mpaka magotini, na kifuani amekumbatia chupa ya chai.

"Kaka, naomba barafu. Wangu hawa wakipata joto, nimekwisha."

"Wako akina nani?" Fundi alichungulia ndani ya chupa. "Dada, hii si mizizi?"

"Ndiyo. Na hawajasafiri saa sita ili waje kufia stendi."

Fundi akampa barafu yote ya mwenye duka bila kumwuliza mwenye duka. Mapenzi mengine huanza kwa wizi mdogo, na kwa uso ule mimi simlaumu.

Mwezi wa pili haukwisha kabla fundi hajawa "barafu wa moyo wangu", jina ambalo msichana alilifupisha kuwa Barafu. Yeye akaitwa Hadubini, kwa kile chombo cha maabara alichokiinamia kutwa.

"Kwani unahesabu nini humo?" Fundi alimwuliza jioni moja kwenye simu.

"Kromosomu. Vijiti vidogo mno ndani ya chembe hai, ndivyo vinavyobeba urithi. Hata wewe unavyo, pamoja na ubishi wako. Sasa kuna ua linaota kwenye kilima kimoja tu, tunamwita Mrefu. Watu wanasema ni Mfupi yule yule anayeota kila mtaro, kajinyoosha tu. Nikikuta idadi ya vijiti vyao hailingani, Mrefu ni aina yake peke yake na kilima kinalindwa. Ikilingana, wachimba kokoto wanapanda."

"Na majani unayaita 'yeye'?"

"Ukiishi na mtu miaka mitatu, utamwita 'hiki'?"

Fundi alicheka mpaka simu ikamponyoka. Alikuwa amekwisha kupenda, na Jumapili moja akavaa shati jipya la mistari, akapiga viatu rangi, akaenda kumposa. Mlangoni mkono ulibaki hewani. Ndani Hadubini alikuwa akiongea kwenye simu, sauti ya chini.

"Mrefu akifika saa nne, mlete kwangu moja kwa moja. Nitakaa naye mwenyewe. Lakini fundi asiambiwe chochote! Akijua mapema ataharibu kila kitu."

Hakubisha hodi. Alirudi nyumbani kwa miguu, viatu vimemuuma na moyo umemuuma zaidi. Dada yake mkubwa, mshonaji aliyemlea tangu mama yao afariki, alimsikiliza huku akitoa pini mdomoni moja moja.

"Labda ni ule mmea wake," Fundi alijitetea.

"Mmea! Mdogo wangu, mmea hunyweshwa maji, haufichwi. Na kama ni mmea, kwa nini wewe usijue? Utauonea wivu mchicha?"

"Dada..."

"Dalili ya mvua ni mawingu. Mimi nimenyamaza."

Hakunyamaza, bila shaka. Jumatatu alimwonyesha ndugu yake jinsi msichana anavyozima simu saa nne kila asubuhi, na Fundi, ambaye jambo hilo halikuwahi kumsumbua, akaanza kulihesabu. Jioni akapiga.

"Kesho saa nne utakuwa wapi, mpenzi?"

"Na Mrefu, jamani! Ndiyo kwanza amefika. Usinipigie, Barafu, nitakuwa sina hata mkono wa kushika simu." Akacheka.

Kile kicheko kilimkata maini. Jumanne saa tano simu ya Hadubini ikaingia. Fundi akaitazama ikilia mpaka ikakoma. Ikaingia tena, na tena, mara kumi na moja. "Mwache alie," dada akasema. Naye akaacha, mjinga yule, akaona ameshinda.

Jumatano aliamua kwenda maabara kumfumania. Aliingia bila salamu. Hadubini alikuwa amekaa sakafuni, koti jeupe limekunjamana, macho mekundu. Mzee mmoja mwenye miwani alikuwa akifuta maji chini ya friji iliyokuwa wazi.

"Yuko wapi huyo Mrefu?"

Hadubini akanyoosha kidole kwenye beseni. Ndani kulikuwa na mizizi iliyogeuka uji wa kahawia.

"Huyo hapo. Amekufa jana, friji ilipozima, nikikupigia."

Fundi akainamia beseni, akaitambua mizizi. Lakini wivu haufi mara moja. "Nilikusikia Jumapili. Ulisema fundi asijue!"

Mzee akainuka taratibu. "Fundi ni mimi, kijana. Fundi wa maabara. Mimi huhesabu baada yake, na sharti nisijue yeye kapata ngapi. Nikijua, jicho langu litaitafuta namba yake, na hesabu imeharibika."

Hadubini alimtazama mpenzi wake. "Mimi huwa nakuita fundi?"

"Hapana. Huniita Barafu."

"Basi."

Fundi alitengeneza friji. Kilichoungua ni kiwashio cha kompresa, kazi ya robo saa. Aibu aliyoisikia wakati akikaza skrubu ya mwisho hakuwahi kuisikia tangu azaliwe.

"Matokeo yanatakiwa lini?"

"Ijumaa ijayo. Serikali ikikosa hesabu, inatoa kibali cha kokoto."

"Nina pikapu, na nina friji ya kubebeka."

"Sitaki mpenzi safarini."

"Chukua dereva."

Wakaenda, mkoba umewekwa katikati yao kama ukuta. Kilimani walingoja saa nne ifike, kwa sababu ndipo chembe za mizizi hugawanyika na vijiti huonekana. Mimea yenyewe haikuzidi thelathini. Hadubini alikata ncha za mizizi, Fundi akashika chupa. Siku nzima msichana alimwambia neno moja tu: "Usimkanyage."

Alhamisi ya wiki iliyofuata Fundi alisimama mlangoni mwa maabara, boksi la vifaa mkononi, hakuna aliyemwita. Mzee aliinama kwenye hadubini, akahesabu kioo cha kwanza, cha pili, cha kumi. Hadubini alikuwa ameuma kidole.

"Arobaini na nane," mzee akasema. "Mfupi tulimkuta na ishirini na nne. Umepata ngapi, binti?"

"Arobaini na nane." Akalia kwa sauti, hakujificha. Kilima kilikuwa kimepona.

Fundi akaweka boksi chini. "Jumapili ile nilikuja kukuposa. Nikageuka mlangoni kwa ujinga wangu, nikasikiliza uchochezi wa dada, nikakugharimu kazi yako. Sina haki ya kuuliza, lakini nauliza. Utanioa... yaani, utakubali nikuoe?"

Mzee akajikohoza, akakumbuka ana shughuli nje.

Hadubini alijifuta machozi kwa mkono wa koti. "Nipe simu yako."

Akampa, akijua anafutiwa namba. Msichana akatafuta jina, akapiga, akaiweka kwenye kipaza sauti.

"Wifi, hujambo?"

Upande wa pili mashine ya kushona ikanyamaza. "Wifi nani?"

"Wako, dada. Andaa kiti. Leo nakuja, na tuna maneno mimi na wewe."