Kicheko Katikati ya Sala

Siku ya Sabato kijijini Wexcombe hakuna aliyepika. Mehitabel, binti wa Shemasi Eliakim, alikula uji wa mahindi uliolala, akafunga kofia yake nyeupe, akawafuata wazazi wake kanisani kwa miguu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kina mama walimtaja kama mfano kwa watoto wao kwa jinsi alivyozijua Zaburi.

Sala ilikuwa ndefu. Bibi Tabitha alisinzia, na mlinzi wa ibada, mwenye kazi ya kuwaamsha wanaosinzia, akamgusa pua kwa mkia wa mbweha uliofungwa kwenye fimbo yake. Bibi kizee akaruka juu. "Toka, kuku we!" akapiga kelele.

Mehitabel akaangua kicheko. Mara moja tu, kisha akajifunika mdomo.

Mlinzi aligeuka, na jicho lake likamwangukia Keturah, mjakazi yatima aliyeketi benchi la nyuma ya Mehitabel.

"Wewe tena!"

"Si mimi, bwana."

"Umecheka mbele ya Mungu, na sasa unasema uongo mbele yake!"

Mehitabel alitazama magoti yake.

Jumatatu Keturah alifungwa miguu kwenye mkatale, mbao zenye matundu za kuadhibia wakosaji, uwanjani, na upepo ulikuwa ukikata kama kisu. Watoto walimzunguka wakimzomea. Obed, mtoto wa mhunzi, alimtia Mehitabel donge la tope mkononi.

"Rusha! Au unamwonea huruma mwenye dhambi?"

Wote walikuwa wakimtazama. Akarusha. Tope likampiga Keturah shavuni. Hakulia. Alimtazama tu, na Mehitabel akatambua kwamba Keturah anajua nani aliyecheka. Kanisani aliketi nyuma yake, angekosaje kujua? Lakini nani angemsadiki mjakazi dhidi ya binti wa shemasi?

Mehitabel alikimbia hadi nyumbani, uso ukimwaka. Baba yake alikuwa akipasua kuni.

"Baba, aliyecheka ni mimi."

Shoka likabaki hewani. Baba akalishusha polepole.

"Najua," alisema. "Kiti changu kinawatazama waumini. Nilikuona."

"Uliniona? Na bado ukakubali afungwe?"

Shemasi aliinama akaokota vipande vya kuni. Kwa mara ya kwanza Mehitabel aliona aibu kwa ajili ya baba yake, na aibu hiyo ikamwuma kuliko yake mwenyewe.

"Basi mimi naenda kusema," alisema, sauti ikitetemeka.

"Ngoja," baba alisema, akichukua kofia na joho lake. "Huendi peke yako."

Uwanjani, Mehitabel alipiga magoti kwenye matope mbele ya watu wote. "Nilicheka mimi! Keturah hana kosa. Na bado nikampiga kwa tope."

Minong'ono ikazuka. Obed akarudi nyuma ya mama yake. Shemasi akamwamuru mlinzi afungue mkatale, kisha akainama akamsaidia Keturah kusimama, kwa maana miguu ilikuwa imekufa ganzi.

"Nisamehe, Keturah," Mehitabel alisema, akimpangusa shavu kwa aproni yake.

Keturah aliusukuma mkono ule taratibu. "Labda kesho, Mehitabel. Leo bado nina baridi."

Mehitabel aliinamisha kichwa. Alijua hana haki ya kudai zaidi.

Shemasi alivua kofia, akawageukia wanakijiji.

"Ndugu zangu, binti yangu alicheka, na kicheko cha mtoto ni jambo dogo. Mimi niliijua kweli nikainyamazia, ili jina langu lisichafuke. Nyumba yangu haikuwa safi. Uchafu wetu tulimpaka mtoto asiye na baba." Akamwekea Mehitabel mkono begani. "Mwanangu, ukikosa, sema mapema, hata kama unatetemeka. Anayeficha kosa lake nyuma ya mnyonge hutenda makosa mawili, na la pili ndilo baya zaidi."

Kisha akavua joho lake zito, akamfunika nalo Keturah, na akaketi mwenyewe kwenye mkatale.