Kaboni ya Dokta Rhobi

Jumatano, saa mbili asubuhi, Dokta Rhobi alifungua kabati la maabara ya chuo kimoja Butiama. Kisanduku chenye kipande cha kaboni-13, chembamba kuliko ganda la kitunguu, hakikuwepo. Ijumaa alitakiwa kukipeleka kwenye mashine ya kurushia chembe, ng'ambo. Alikuwa ameisubiri zamu yake kwenye mashine hiyo kwa miaka. Bila kaboni, zamu angepewa mwingine.

Inspekta Nyangi alifika kutoka Musoma, akaanza na fundi wa maabara, Fredi. Huyu alikuwa na ufunguo wa pili wa kabati, na aliwahi kuomba safari hiyo akanyimwa.

"Ulinuna?"

"Nilinuna, Afande. Ila nikinunaga nalala, siibi." Akasogeza kikombe. "Karibu chai. Tangu jana ina sukari, sijui malaika gani katuachia pakiti mezani."

Nyangi alipekua mkoba wake, droo, hata viatu. Akatoka na harufu tu.

"Dokta, hiyo kaboni inafanya nini?"

"Tunairushia heliamu, zinabadilishana chaji. Nyutroni moja ndani ya kiini cha kaboni inageuka protoni, na spini yake inaweza kupinduka. Heliamu inatoka imekuwa tritoni, yaani kiini cha hidrojeni nzito. Uzito karibu uleule, ila siyo yule aliyeingia."

"Na hicho kiini mnakionaje?"

"Hatukioni. Tunampima anayetoka, tunajua ndani kumetokea nini."

"Basi na mimi nimpime aliyetoka. Jana nani mwingine aliingia humu?"

"Mume wangu tu, Jilala. Alitoka Bunda kaniletea sato kwenye hotipoti. Nilimwacha hapa na funguo zangu, nikaenda kufundisha."

"Chombo ulikirudisha kitupu?"

"Afande! Mimi si mtu wa huku? Niliweka pakiti ya sukari."

Nyangi akakitazama kikombe cha Fredi, kisha akaenda getini kwa mlinzi, Masatu.

"Shemeji alitoka nayo hotipoti," alisema Masatu. "Nikamtania, 'Mama kakufungia nini?' Akasema hamna kitu. Nikamwonea huruma! Sikufungua. Utachunguliaje aibu ya mtu?"

Saa nane mchana Nyangi na Rhobi walikuwa Kabasa, Bunda, uani kwa Jilala.

"Sukari uliitoa ili kisanduku kienee," Nyangi alisema. "Ukamdanganya mlinzi kwamba mkeo kakurudishia chombo kitupu. Mke wa huku hafanyi hivyo."

Jilala aliingia ndani, akatoka na kisanduku kikiwa kimefungwa kwenye kitenge cha Rhobi.

"Mama Dafroza, mara ya kwanza ulisema unaenda ng'ambo miezi miwili. Ikawa miaka minne. Mtoto akawa anakuita yule wa kwenye simu. Nilitaka tu ndege ikuache."

 

"Na mimi nilikuwaga nakulilia huko," alisema Rhobi. "Ila hii kazi nayo naililia nikiwa hapa."

"Nimchukue?" Nyangi aliuliza.

"Muache, Afande. Atanisindikiza."

Ijumaa, uwanja wa ndege Mwanza, Jilala alikibeba kisanduku mwenyewe mpaka mlango wa wasafiri. Mkaguzi akanyoosha mkono. Jilala hakukiachia. Ikabidi Rhobi amfumbue vidole, kimoja kimoja.