Chupa ya Ras Mkumbi

"Kuna mkaguzi feki. Huenda ndiye huyo wenu. Picha inakuja."

Mtandao ukakatika kabla Mkuu Kheri hajaendelea.

Sihaba aliipa pikipiki yake, Boxer, moto wote. Kilindoni ikabaki nyuma. Saa tatu na nusu asubuhi. Saa nne kamili, Dokta Muna angezungumza kwa video na mkutano wa Geneva kutoka chumba chake cha utafiti, Utende.

Muna na wenzake ni wanasayansi huru. Hawalipwi na kiwanda wala serikali. Kazi yao ni kuwapa ukweli wajumbe wanaotunga mkataba wa taka za plastiki. Miaka miwili Muna amezunguka kisiwa cha Mafia akikusanya mchanga na matumbo ya samaki. Vyote vimo katika chupa hamsini za kioo.

Kuna matajiri huko nje waliotaka chupa hizo zichafuliwe, Muna aitwe mwongo dunia nzima.

Sihaba, askari wa siri, alipachikwa pale kama mwosha chupa. Leo mkaguzi wa mkutano alikuwa amefika kuzihakiki chupa, na Sihaba alikuwa na mtihani. Akimkamata mkaguzi halisi, ni fedheha kwa nchi. Akimwacha feki, Muna kwisha habari yake.

"Shikamoo, bibi," alisema alipofika Utende.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Bimkubwa, mlinzi wa mlango. "Vua hilo koti. Nailoni humu haiingii, inapukutisha nyuzi."

Sihaba akavua, akajifunga kanga ya pamba. Bastola yake, Glock, ikalala ndani ya kanga.

Mkaguzi alijiita Haruni. Koti jeupe, miwani, maneno ya kisomi kibao. Muna alikuwa amempa mgongo, akirekebisha kamera.

Mezani palikuwa na chupa ya maji, wazi.

"Mbona mmeiacha hivi?" Haruni alisema. "Itaingia vumbi."

Akaifunika.

"Eh! Baba we!" Bimkubwa alimaka mlangoni. "Hiyo haifunikwi!"

"Aa, nimesahau."

Hakusahau. Hakujua! Chupa ile huachwa wazi makusudi, inase vumbi la plastiki linaloelea chumbani, lihesabiwe, litolewe kwenye hesabu ya chupa nyingine. Aliyefanya kazi hii hata siku moja anajua. Bimkubwa, ambaye hajakanyaga chuo, anajua.

Sihaba akamtazama mikono.

Kalamu ya Parker ilikuwa imeinama juu ya chupa yenye mchanga wa Ras Mkumbi. Unga wa bluu wa plastiki ulikuwa ukidondoka ndani.

"Kalamu chini!"

Haruni akachomoa bastola. Mshenzi alikuwa mwepesi, lakini chungio la chuma la mchanga lilikuwa karibu na mkono wa Sihaba. Likamtua kwenye kifundo cha mkono. Bastola ikaruka. Pigo la pili likamtua sikioni, akaanguka chali.

Pingu. Kwa!

Ndipo picha ikaingia kwenye simu. Mkaguzi halisi alikuwa mzee mwenye upara. Mtandao huu nao!

"Kumbe wewe si mwosha chupa," Muna alisema.

Simu ikaita. Mkuu Kheri. Sihaba akamweleza yaliyotokea.

"Mwambie Dokta asitaje lolote. Chupa moja tu, nani atajua?"

Muna alisikia. Aliishika chupa ya Ras Mkumbi. Ndiyo iliyokuwa na plastiki nyingi kuliko zote, ushahidi wake mzito. Machozi yalimlengalenga. Akaiweka sakafuni, mbali na zile nyingine.

Saa nne. Taa ya kamera ikawaka.

"Waheshimiwa," alisema, "nilikuwa na chupa hamsini. Sasa ninazo arobaini na tisa. Moja imechafuliwa humu ndani sasa hivi, na aliyefanya hivyo amekamatwa. Siihesabu. Mnaweza kuzikagua zilizobaki, moja moja."

Muna akaigeuza kamera ielekee chupa zilizobaki.

"Endelea, Dokta," sauti ikasema. "Tunakusikiliza."

Sihaba akamwinua Haruni kwa ukosi, akamtoa nje. Simu tena.

"Amesema?"

"Amesema, mkuu."

"Si nilikuagiza umzuie!"

"Nilikuwa na kazi ya pingu, mkuu."

Akakata simu.

"Tembea," alimwambia Haruni.