Kipande cha Mwisho cha Kibanja

Jua lilikuwa linazama Hellen alipoingia dukani kwa mzee Karugendo, pale Kashai, Bukoba, kutafuta gemu la kupanga vipande vya picha. Alitaka la zamani, maana kompyuta yake ilikuwa kuukuu na magemu mapya yaliishinda. Si la kucheza yeye, ni la mama yake, Kokubanza, aliyekuwa Muleba akisahau kila kitu. Mwezi uliopita alimwita Hellen "dada nesi", na Hellen alilia njia nzima kurudi Bukoba. Nesi wa kweli alikuwa amesema michezo ya namna hiyo huchangamsha akili. Hellen alikuwa tayari kujaribu chochote.

"Lipo moja," mzee alisema, akipangusa vumbi kwenye CD isiyo na jalada. "Lijaribu kwanza, mwanangu. Wengine huliona halifai."

Mzee akaiweka CD kwenye kompyuta ya duka, vipande vikatawanyika kwenye skrini. Picha ya kufuatisha haikuwepo. Hellen akaanza kuvivuta, kimoja kimoja. Bati lenye kutu. Mgomba uliotegemezwa kwa mti. Dirisha la buluu...

Mkono ukasita.

Dirisha lile alilipaka rangi yeye mwenyewe. Pale ni kwao.

Akaendelea, nani angeacha? Likatokea kaburi la baba yake kibanjani, kati ya migomba ya nyumbani, na kando yake la kaka yake Nathanieli, msalaba umeinama vilevile. Harufu ya udongo mbichi ikajaa dukani. Na ndani ya spika, kwa mbali... tii... tii... kama jembe.

Simu ikaita. Mama.

"Hellen, mwana wange!"

Miezi mingapi hakuitwa jina lake! Mama alikuwa anacheka, anauliza kama wanafunzi wa Hellen shuleni hawajambo, anamtania kwa chungu alichovunja utotoni. Hellen akalia kwa furaha mbele ya mzee wa watu, bila aibu.

"Waitu, jamani, Ma, umepona!"

"Nimepona, mwanangu. Lakini nani huyo anachimba hapa kibanjani?"

Hellen akatazama skrini. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja, chekundu, cha udongo. Nafasi yake ilikuwa pembeni ya kaburi la Nathanieli.

Akafunika simu kwa kiganja.

"Mzee," alinong'ona, "nikikiweka?"

"Picha inakamilika."

"Nisipokiweka?"

"Basi nitalizima. Na vyote vitatawanyika tena."

Hellen akaitazama tena ile nafasi: ilikuwa na umbo la kaburi. Mama anayemjua, kwa jioni hii tu. Au mama aliye hai, asiyemjua.

"Zima," alisema. "Silitaki."

Skrini ikawa nyeusi. Jembe likanyamaza. Kwenye simu, kicheko cha mama kilikatika katikati.

"Wewe nani?" akauliza.

Kesho yake Celina, jirani wa mama, alipiga simu. Kuna shimo kibanjani, hakuna anayejua nani kalichimba. Wamelifukia asubuhi, mchana wamelikuta wazi. Mama ameketi ukingoni, hali, haongei, hataki kuondoka.

Hellen alikimbia mpaka dukani, kanga ikimvuka. Atalinunua. Atalivunja, atalitupa ziwani, vyovyote vile, ili mradi lisiguswe na mtu mwingine.

"Limeshauzwa," alisema mzee Karugendo.

"Kwa nani?"

"Kijana mmoja, sasa hivi tu. Magoti yamejaa udongo." Mzee hakumtazama usoni. "Alisema dada yake alilianza akaliacha, kwa hiyo atamsaidia kulimaliza."

"Anaitwa nani?"

"Nathanieli."

Simu ikatetemeka mkononi. Mama. Hellen akaipokea, akiomba Mungu kwa moyo wote asikie tena lile "wewe nani".

"Hellen, mwana wange!"

Sauti ilikuwa safi, yenye furaha, na ilikuwa inakumbuka kila kitu.