Mdhamini Haolewi

Lifti ya jengo lile ilikuwa imegoma tangu asubuhi, na watu wenye shida zao ghorofa za juu walijazana pale chini wakilalamika, kana kwamba malalamiko yangeweza kuipandisha. Walikuwapo wanasheria na majalada yao, wachuuzi na vifurushi vyao, na mama mjamzito aliyekwisha kuigeuza ndoo ya mfagizi kuwa kiti. Alikuwapo pia mwanamke kijana wa gauni la kijani lililomkaa vizuri kiunoni, miwani ya fremu nyekundu puani, aliyekuwa akienda kuweka akiba yake kwenye chama cha akiba na mikopo, ghorofa ya tano.

Mlango wa lifti ukafunguka. Akatoka mwanamume mrefu aliyevaa ovaroli, grisi mpaka masikioni.

"Tayari," alisema. "Nani anaanza?"

Hakuna aliyesogea. Waliokuwa wakipiga kelele sasa walikuwa wakikagua viatu vyao.

"Jamani, si mlikuwa na haraka?"

"Anza wewe," akajibu yule wa gauni la kijani. "Ukirudi mzima, tutakuja."

Watu wakaangua kicheko. Fundi akamtazama, naye akacheka, na meno yake yalikuwa meupe kuliko inavyotegemewa kwa mtu mchafu namna ile.

"Dada, lifti hii naidhamini mimi mwenyewe."

"Mdhamini gani hata uso hajanawa?"

"Basi twende wote. Ikianguka, tunaanguka pamoja."

Mwanamke akaingia. Wakapanda peke yao ghorofa tano, yeye ameshika pochi kwa mikono miwili, fundi ameshika kicheko. Walipofika, fundi aliomba namba ya simu kwa sababu za kiufundi, eti apate maoni ya abiria.

Maoni yale yalichukua miezi. Mwanamke yule alikuwa fundi wa kukata lenzi katika duka la miwani la mzee mmoja mjane, na fundi wa lifti akamwita Miwani tangu siku ya kwanza. Alikuja dukani kulalamikia macho, macho ambayo yangeweza kusoma gazeti lililoko ng'ambo ya barabara.

"Soma herufi ya juu," Miwani alimwambia.

"Siioni."

"Ile? Hata madereva wanaisoma wakiwa wanapita."

"Basi nisogee karibu."

"Ukisogea tena utanikalia."

"Kijana," Mzee alikohoa nyuma ya pazia, "hapa macho yanapimwa kwa pesa."

Walipendana kama watu wa mjini wanavyopendana, yaani kwa simu zaidi. Umekula? Nimekula. Umekula nini? Kwani wewe ni daktari? Mimi fundi, mpenzi, mtambo ukikoroma lazima niulize mafuta. Mwisho wa mwaka mama yake Miwani, kila akipiga simu, alikuwa akimwita fundi mkwe wangu, na fundi akiitika bila aibu.

Miwani alikuwa na jambo lake moja duniani. Mzee alikuwa amemwahidi kwamba siku akichoka atamuuzia yeye duka kabla ya mtu mwingine yeyote, na kwa ajili ya siku hiyo Miwani alikuwa akijinyima. Viatu vilishonwa upya, nywele alijisuka mwenyewe, na kila alichobakiza kilipanda ghorofa ya tano. Wenzake walimwita bahili. Yeye aliwaacha, kwa sababu alijua analonunua.

Ndipo fundi akamjia na wazo. Alitaka kuacha ajira, afungue kampuni yake ya kutunza lifti. Chama kilikuwa tayari kumkopesha, ila alikosa mdhamini mmoja.

"Ni saini tu, Miwani. Nisipolipa mimi, ndipo watakugusa wewe."

"Na utalipa?"

"Nitakulipa mpaka riba ya mapenzi."

"Mapenzi yako hayana riba, yana faini," alimjibu, na akasaini. Akiba yake yote ikafungwa nyuma ya deni la mwanamume mmoja, na siku ile alishuka ngazi akiimba.

Sasa mimi nitasema wazi, maana fundi hakusema. Pesa ile haikununua hata spana. Kulikuwa na watu mtandaoni walioahidi kuizidisha mara mbili kwa wiki chache, picha zao wamevaa suti, shuhuda zao zimejaa machozi ya furaha. Fundi, mtu ambaye hakanyagi lifti kabla ya kukagua kila kamba, aliwatumia mkopo mzima bila hata kujua ofisi yao iko mtaa gani. Alitaka kufungua kampuni na kufanya harusi kwa mkupuo. Wiki zikapita, ukurasa wa wale watu ukafutika, na simu zao zikawa hazipatikani.

Angesema siku hiyo, pengine hadithi hii ingekuwa nyingine. Lakini aibu ilimziba mdomo. Alibaki kwenye ajira akidai kampuni inasubiri kibali, na marejesho ya chama akayalipa kwa vijimkopo vya simu, kile cha leo kikiziba cha jana, kila kimoja kikiwa na meno marefu kuliko mwenzake. Akakonda. Kila Miwani alipotaja harusi, alipata sababu. Mara kibali, mara kodi ya nyumba, mara mvua.

"Mvua inakuhusu nini? Unaolewa wewe kwenye tope?"

"Subira kidogo, mpenzi."

"Subira yangu imeota mvi."

Akaanza pia kutoka nje kupokea simu. Miwani alisikia, kupitia mlango wa chumba cha fundi, sauti ya mwanamke. Sauti laini, ya kubembeleza. Wivu ukamfanya azihesabu simu zile. Jumapili moja fundi akiwa bafuni, simu ikalia na Miwani akaipokea.

"Haloo, kaka yangu mzuri, mbona unanikimbia?" ilisema sauti.

"Kaka yako mzuri anaoga. Wewe nani wake?"

"Wewe nani wake?"

"Mchumba wake!"

"Afadhali nimekupata, wifi yangu. Mwambie alipe leo kabla ya saa kumi. Asipolipa tutawapigia wote waliomo kwenye simu yake, na naona hapa kuna mtu ameandikwa Mama Mkwe. Tutaanza na huyo."

Fundi alipotoka, maji yakimchuruzika, alimkuta ameketi kitandani na simu mapajani.

"Ni deni?" Miwani aliuliza.

"Ni deni."

"Si mwanamke?"

"Mwanamke ni mdai."

Miwani akalia, kisha akacheka, kisha akalia tena, na yote matatu yalikuwa furaha. Aliambiwa habari za watu wa suti, na hata hilo alilisamehe palepale. Alimkausha mgongo kwa taulo akimtukana taratibu, mpumbavu wewe, mpumbavu wangu. Wakapanga jinsi ya kuzima vile vijimkopo kimoja kimoja. Fundi angeweza kusema lile jingine saa ile ile, huku mikono ya Miwani iko mgongoni mwake. Akanyamaza, na mimi sijamsamehe kwa kunyamaza huko.

Haukupita muda, Mzee akaita. Macho yake mwenyewe yalikuwa yamechoka na mwanawe wa mbali alitaka kumchukua. "Duka ni lako, binti yangu," alisema. "Lakini nahitaji pesa mwezi huu. Kuna mwingine ananisumbua, muuza makava ya simu."

Miwani akapanda ghorofa ya tano kuchukua akiba yake. Karani wa mikopo alikuwa mama mchangamfu, na miwani aliyovaa ilikuwa kazi ya mikono ya Miwani.

"Akiba yako imefungwa, mwanangu. Fundi wako ana miezi mitatu hajarejesha."

"Najua ana shida. Ila sisi tunaoana, mama. Yake yangu, yangu yake. Hamwezi kunifungulia?"

"Mnaoana?" Karani akashusha miwani puani. "Si mmeghairi? Mume na mke hawadhaminiani hapa, ni sheria ya chama. Mwenyewe alikuja kuuliza, mwaka jana. Nikamwambia ukimwoa mdhamini wako, lazima ulete mdhamini mwingine, la sivyo mkopo unaitwa wote kwa mara moja. Akakaa hapo kwenye benchi muda mrefu. Akaniambia, basi mama, harusi itasubiri."

Miwani alishika ukingo wa dirisha la karani mpaka karani akamuuliza kama anaumwa.

Fundi alikuwa juu kabisa ya jengo lile lile, katika chumba cha mashine, kati ya gurudumu kubwa la kamba na kabati la nyaya. Alipouona uso wa Miwani mlangoni, akaweka spana chini.

"Kibali," Miwani alisema. "Kodi. Mvua."

"Nisikilize, mpenzi."

"Mama yangu ameshona nguo ya harusi. Kila mwezi anaitoa kwenye sanduku anaianika ipigwe upepo. Na wewe ulikuwa unajua."

"Ningekuoa wangeita deni lote! Wangechukua akiba yako siku hiyo hiyo. Nilikuwa nakulinda."

"Ungeleta mdhamini mwingine."

"Nani? Kazini wote nimewakopa. Hakuna mtu mjini humu aliyekuwa ananiamini tena, Miwani. Ulibaki wewe tu."

"Na kwa kuwa nilibaki mimi tu, ukaona uniweke hivyo hivyo. Mke utampata wakati wowote. Mdhamini ndiye adimu."

Mtu chini aliita lifti. Gurudumu likazunguka, kamba zikanguruma, na ikabidi wasubiri wakitazamana mpaka kelele ziishe.

"Nilikupenda kila siku," fundi alisema.

"Najua. Ndiyo maana naumia. Ungekuwa tapeli, ningekwenda polisi nikalala."

Duka likachukuliwa na muuza makava. Siku ya kuhama Mzee alimwachia Miwani koleo yake ndogo ya kukunjia fremu, akashindwa kumwangalia. Miwani akaenda kuajiriwa duka la mtaa wa pili, akate lenzi kwa vipimo vya watu wengine. Mama yake alipopiga simu kumuulizia mkwe, alijibu kwamba mtandao ni mbaya, akakata.

Fundi naye aliuza pikipiki, akahamia chumba kisicho na dirisha, akafanya kazi za jengo lile mchana na za majengo mengine Jumamosi na Jumapili. Vile vijimkopo alivifuta kwanza, kisha akarudi kwenye chama. Ujumbe aliomtumia Miwani kila mwezi ulikuwa wa aina moja: nimelipa. Miwani aliusoma kila mwezi, wala hakujibu. Siku ambayo ujumbe ulichelewa hakupata usingizi, na asubuhi alijichukia kwa hilo.

Ikapita miaka miwili na ushei. Karani akawaita wote wawili.

Miwani alikuja na lile gauni la kijani, ambalo sasa lilikuwa limempwaya kidogo. Fundi alikuwa na shati lililopigwa pasi na mvi mbili tatu ambazo si za umri wake.

"Saini hapa, mwanangu, umetoka kwenye dhamana," karani alisema. "Na wewe fundi, hongera, hisa na akiba zako ziko huru. Sasa hata mkioana chama hakina neno!"

Mama wa watu alisema kwa nia njema. Fundi akaingiza mkono mfukoni, akatoa kiboksi kidogo, akakifungua juu ya dirisha la mikopo.

"Hii sikukopa," alisema. "Sasa tunaruhusiwa, Miwani."

Miwani alikuwa bado anampenda. Aliitazama pete, akaitazama mikono ile iliyopasuka, na moyo ukamruka kama siku ya lifti. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi ya yote. Akafungua pochi, akatoa karatasi, akaiweka kando ya pete.

"Nimepata chumba cha duka langu. Akiba haitoshi, bei zimepanda. Nimeomba mkopo, nakosa mdhamini mmoja."

Fundi akasoma. "Miaka mitano."

"Mitano."

"Unajua nikisaini hapa..."

"Najua. Nilielezwa kwenye dirisha hili hili."

Karani akaacha kugonga mhuri.

"Wapo watu wengine wa kukudhamini," fundi alisema polepole.

"Wapo. Mimi nimekuomba wewe."

"Nikisaini, utanisubiri?"

"Mimi nilisubiri bila kuambiwa nasubiri nini. Wewe angalau umeambiwa."

Fundi akakifunga kiboksi, akakirudisha mfukoni, akaomba kalamu. Alisaini jina lake lote, kwa uangalifu, kama mwanafunzi. Kila alichokuwa amekikomboa asubuhi ile kikafungwa tena nyuma ya deni la mwanamke mmoja.

"Na baada ya miaka mitano?" aliuliza.

Miwani akaikunja nakala yake. "Utapigiwa simu uje kusaini kutoka."

Akatembea mpaka kwenye lifti, akaingia, akabonyeza chini. Mlango ukajifunga taratibu, bila kugoma, maana aliyeutengeneza aliijua kazi yake. Humo ndani Miwani akavua miwani, akalia ghorofa zote tano.