Madebe Mia Nne ya Mtama

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Paskazia alipita ghalani na kikapu kuchukua posho ya nyumbani kwao. Mwaka huo wa 1975 mvua zilikuwa haba, na kijiji kizima, kaya themanini zilizohamishiwa nyuma ya vilima vya Kiseke, kilikula kutoka ghala hilo moja. Mtunza ghala alikuwa Mzee Maige, mtu wa maneno machache. Alijaza kopo, akalisawazisha kwa kiganja, akamimina, akakuambia nenda shule. Hakumpendelea mtu. Hata Odeta, mjukuu wake, aliyekaa dawati moja na Paskazia, alipanga foleni kama wengine.

Mtama wenyewe ulitoka shamba la bega kwa bega, yaani shamba la kijiji. Siku ya mavuno wanawake waliumimina sakafuni kikapu baada ya kikapu, hadi likasimama rundo la mviringo lenye ncha juu. Magunia hayakuwepo, mizani ilikuwa mjini kwa fundi, wala hakuna aliyekumbuka kuhesabu vikapu. Ndugu Shimba, mwenyekiti wa kijiji, alitaka kujua jambo moja tu: je, mtama huo utafika siku mia moja na ishirini, mpaka mahindi mapya yaive? Kama hautafika, watu wa wilaya walikuwa tayari kuleta lori la mahindi ya msaada.

Mwalimu Rugemalira, mwalimu wa hesabu, alikuwa chuo cha ualimu cha Butimba kwa mafunzo ya miezi miwili. Basi akaitwa Paskazia wa darasa la sita. Kwa hesabu hakuwa na mpinzani shuleni, na yeye mwenyewe alilijua hilo, tena alilijua mno.

Alichukua ufito, akautia alama. Kutoka katikati ya rundo mpaka ukingoni zilikuwa mita tatu. Alichomeka ufito katikati ya kila mita mpaka ukagusa sakafu: karibu na ncha sentimita mia moja na hamsini, sehemu ya pili tisini, karibu na ukingo thelathini. Akatafuta wastani wa vimo vile vitatu, akapata tisini. Akazidisha kwa eneo la sakafu lililofunikwa na rundo, akagawa kwa debe la lita ishirini. Jibu: madebe elfu moja mia mbili na sabini. Kwa posho ya madebe kumi kwa siku, mtama ungefika siku mia moja ishirini na saba, yaani ziada ya siku saba.

Mwenyekiti alifurahi kupita kiasi. Alimsimamisha Paskazia juu ya kiti mbele ya mkutano, watu wakapiga makofi, baba yake akavimba kichwa wiki nzima. Kisha mwenyekiti akaandika barua wilayani kwamba kijiji chake kinajitegemea, lori lipelekwe kwingine. Likapelekwa.

Siku sitini zikapita. Jumatatu moja Ndugu Shimba aliingia ghalani kukagua. Madebe mia sita yalikuwa yametolewa, kwa hiyo yalipaswa kubaki mia sita na sabini. Lakini hata asiyejua kusoma angeona kwamba pale sakafuni hakukuwa na hata nusu yake. Madebe zaidi ya mia nne hayaonekani! Na funguo za ghala zilikuwa kwa mtu mmoja tu.

Mgambo wawili walimchukua Mzee Maige, wakamfungia katika chumba cha nyuma cha ofisi ya kijiji. Ghala likatiwa kufuli, posho ikasimama, na nyumba yake ikapekuliwa. Walichimba sakafu, wakavunja mitungi, wasipate hata punje. Watu wakasema basi ameuza, mtama wetu unaliwa mjini, Mabatini, na wenye pesa zao. Na tuseme ukweli, Paskazia alisema kwa sauti kuliko wote. Kisimani aliwaambia wenzake kwamba hesabu haisemi uongo, watu ndio wanaosema uongo. Odeta alikuwa hapo na ndoo yake, akaondoka bila kuteka maji.

Jumanne Mwalimu Rugemalira aliingia darasani. Alikuwa amerudi jana yake jioni, na habari za ghala alizisikia juu juu tu. Aliwatoa wanafunzi nje kwenye bustani ya shule, akachomeka kigingi, akafunga kamba, akachora vumbini miduara mitatu, mmoja ndani ya mwingine, kila mmoja ukiuzidi wa ndani yake kwa mita moja. Akauliza kama mbegu za mchicha zitatosha zikigawanywa sawa kwa sehemu zile tatu. Darasa zima likajibu zitatosha, maana upana ni ule ule.

Mwalimu akacheka. Aliwapa kopo wapande wenyewe. Sehemu ya katikati ilikula kopo moja. Pete ya pili ikala makopo matatu. Pete ya nje ikala matano.

"Kule Butimba hesabu hii tumeifanya kwa vipande vyembamba mno," aliwaambia. "Wanaiita integrali, tena integrali mara mbili: unajumlisha kulizunguka duara, kisha unajumlisha kutoka katikati kwenda nje. Badala ya urefu na upana, unatumia pembe na umbali kutoka katikati. Na watu wazima na vyeti vyao wanaangukia hapo hapo mlipoanguka ninyi. Wanasahau kwamba kipande kikiwa mbali na katikati kinakuwa kikubwa zaidi, kwa hiyo lazima ukizidishe kwa umbali wake."

Paskazia alinyoosha mkono polepole. Aliuliza kama mambo ni hayo hayo kwa rundo, tuseme la mchanga.

"Hasa!" alisema mwalimu. "Pale penye kimo kirefu, mahali penyewe ni padogo. Pale penye eneo kubwa, mchanga ni mfupi. Ukichukua wastani wa vimo tu, unapata nusu ya kimo cha ncha. Ukweli ni theluthi."

Paskazia hakusikia tena kitu. Aliporudi darasani alipiga hesabu nyuma ya daftari. Ule wastani wake wa tisini ulikuwa nusu ya kimo cha ncha, basi ncha ilikuwa sentimita mia moja na themanini, na theluthi yake sitini. Sitini mara eneo la sakafu: madebe mia nane arobaini na nane. Toa mia sita yaliyoliwa. Yanabaki mia mbili arobaini na nane, kama yale yale yaliyokuwa sakafuni. Hapakuwa na mwizi. Mzee Maige hakuchukua hata kopo.

Alipaswa kusimama palepale. Hakusimama. Alikumbuka kile kiti na makofi, akakumbuka lori lililogeuzwa kwa ajili ya jibu lake, akaogopa vibaya sana. Alijiambia labda watamwachia tu mzee wa watu kwa kukosa ushahidi. Akachana ile karatasi.

Jumatano, akipita nyuma ya ofisi na kuni kichwani, alisikia mgambo wakimuuliza Mzee Maige ameficha wapi mtama. Alisikia fimbo. Kisha akasikia mzee akilia kama mtoto, na Paskazia akakimbia huku kuni zikimwagika njiani. Usiku huo hakula.

Alhamisi alfajiri alimngoja mwalimu mlangoni pake. "Shikamoo mwalimu. Mzee Maige hakuiba. Ni mimi niliyekosea rundo."

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza amejua tangu lini. Paskazia akajibu tangu Jumanne. Mwalimu hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Alivaa viatu, wakaenda kwa mwenyekiti.

Ndugu Shimba hakutaka kusikia. Kama hapakuwa na mwizi, basi lori alilikataa yeye. Mwalimu akaomba jambo moja, ghala lifunguliwe mbele ya watu. Walikusanya mtama uliobaki ukawa rundo dogo, ncha yake mita moja na sentimita ishirini, na kutoka katikati mpaka ukingoni mita mbili. Paskazia akatangaza kwamba kwa njia yake ya zamani ni madebe mia tatu sabini na saba, na kwa njia ya mwalimu ni kama mia mbili na hamsini. Kisha wakapima kwa debe, moja moja, kijiji kizima kikihesabu. Waliishia mia mbili arobaini na nane.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti alivua kofia, akaenda mwenyewe kufungua kile chumba. Mzee Maige alitoka ameshikilia mkono wa kulia, umevimba kuanzia kiwiko.

Posho ilianza tena siku hiyo hiyo, ila kwa nusu, na mwenyekiti akaandika barua nyingine wilayani, safari hii ya kuomba. Lori lilikuja baada ya wiki tano. Vitoto viwili vya kijiji, vilivyokuwa dhaifu tangu mwanzo, havikuliona.

Jumapili Paskazia alikwenda na mama yake nyumbani kwa Mzee Maige. Mkono ulikuwa umefungwa kwa vijiti. Odeta alikuwa akimlisha uji babu yake. Hakuinua macho. Paskazia alipiga magoti, akaeleza kwamba alijua tangu Jumanne, akaomba msamaha huku analia.

Mzee alimeza uji kwanza.

"Kukosea hesabu si kosa la kuliliwa, binti yangu. Hata sisi wakubwa hatukuhesabu vikapu, tukamtwika mtoto mzigo wetu. Lakini nisikilize. Jumatatu mkono wangu ulikuwa mzima. Jumanne, ulipojua, ulikuwa mzima bado. Umevunjika Jumatano."

Paskazia hakuweza kumtazama.

"Basi siku utakayojua umekosea, sema siku hiyo hiyo," alisema Mzee Maige. "Nimekusamehe. Sasa mpokee Odeta hilo bakuli, naye apate kula."

Odeta alisita, kisha akamwachia bakuli. Paskazia akachota uji, akaupuliza, akampelekea mzee mdomoni, mpaka bakuli likaisha.